Baada ya mguu kukatwa: kwa nini Bosi hakupewa dawa ya saratani

Tangu mwezi wa sita mbwa wetu Bosi anatembea kwa miguu mitatu. Mguu wake wa mbele wa kushoto ulikatwa kuanzia begani kwa sababu ya saratani ya mfupa, ile ambayo madaktari huiita osteosakoma, na tangu siku aliporudi hapa Tabora kila anayepita barazani kwetu huniuliza swali moja: je, sasa mnampa dawa gani ya saratani? Wapo wanaouliza kwa mshangao kwamba mbwa amefanyiwa upasuaji mkubwa kiasi kile, wapo wanaouliza kwa huruma ya kweli, na wapo wawili watatu ambao mbwa wao wana uvimbe kama ule na hawajui waanzie wapi. Kwa ajili ya hao wa mwisho nimeona nieleze kwa urefu tulichoamua, kwani kilichotuamulia ni jambo ambalo sikulisikia likisemwa na mtu yeyote mpaka nilipokesha nalo mwenyewe.

Bosi ana miaka 10. Ni chotara wa German Shepherd mwenye kilo 36, na ukubwa huo unahusika, kwa sababu osteosakoma huwapata zaidi mbwa wenye miili mikubwa, wengi wao wakiwa na miaka 7 na kuendelea, na hushambulia miguu ya mbele zaidi kuliko ya nyuma. Yeye ilimkaa juu kidogo ya kifundo, mahali ambapo madaktari wameizoea kuikuta. Alianza kuchechemea mwishoni mwa mvua, tukadhani ameteguka alipokuwa akiruka mfereji, na kwa majuma saba tulikuwa tukimkanda kwa maji ya moto huku mfupa ukiliwa kutoka ndani. Katika majuma hayo duka moja la dawa lilituuzia vidonge vya binadamu vya diklofenaki, tukampa kwa nia njema, na siku ya pili akatapika damu. Ninalitaja hili kwa uchungu, ili anayesoma na mbwa wake anachechemea asirudie kosa letu: diklofenaki na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa, na dawa ya maumivu ya mbwa lazima itoke kwa daktari wa mifugo, ikipimwa kwa uzito wake.

Upasuaji ulifanyika Morogoro, mji wenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako madaktari wengi wa mifugo wa nchi hii wamefundishwa. Kabla ya kukata walipiga picha za kifua, na mapafu yakaonekana safi. Nilifurahi mno, nikadhani tumeushinda ugonjwa. Daktari aliyempasua alinikalisha kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji akaniambia, "Kaka, nisikilize vizuri. Mguu nimeutoa ili asiumwe. Saratani sijaitoa." Kisha akaeleza kwamba picha ya eksirei haioni uvimbe wa mapafu ulio mdogo kuliko punje ya hindi, na kwamba katika ugonjwa huu, kwa mbwa takribani 9 kati ya 10, mbegu za saratani huwa zimekwisha kusafiri katika damu hata kabla ya mwenye mbwa kujua kwamba kuna tatizo.

Watu wengi huchanganya mambo hayo mawili, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Kukata mguu ni tiba ya maumivu, na kwa kazi hiyo ni tiba iliyokamilika, kwa sababu mfupa unaoliwa na osteosakoma huuma usiku na mchana na unaweza kuvunjika kwa hatua moja ya kawaida. Dawa za saratani za kupitisha kwenye mshipa, yaani tibakemia, ni suala jingine, ambalo linahusu muda. Kwa mbwa waliokatwa mguu bila kupewa dawa, nusu yao hufariki katika miezi 4 au 5. Wakipewa karboplatini au dawa za jamii yake, nusu yao huvuka miezi 10 hivi, na takribani mmoja kati ya watano hufikisha miaka miwili. Kwa mbwa ambaye maisha yake yote ni miaka kumi na kitu, nusu mwaka si muda wa kudharau, na sitaki mtu yeyote anielewe kwamba ninaudharau.

Wala sitaki kusikia kwamba alinyimwa dawa kwa sababu ni mzee. Hoja hiyo imeletwa kwangu mara nyingi, tena na watu ninaowaheshimu, na siikubali. Uzee si ugonjwa. Kinachopaswa kupimwa kwa mbwa mzee ni figo, kwa kuwa karboplatini hutoka mwilini kupitia figo. Ni moyo, ikiwa anafikiriwa kupewa doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, ambayo huuchosha moyo kadiri dozi zinavyoongezeka. Na ni viungo vya miguu iliyobaki, kwa kuwa mbwa hubeba sehemu kubwa ya uzito wake mbele, kama asilimia 60, na uzito huo sasa unabebwa na mguu mmoja. Bosi alipimwa vyote hivyo na akaonekana yuko sawa. Kwa kigezo cha mwili wake alistahili dawa.

Isitoshe, hofu ya wengi kwamba dawa ingemtesa imekopwa kutoka kwa wagonjwa wa kibinadamu tuliowauguza. Mbwa hupewa dozi iliyopunguzwa kwa makusudi, kwa sababu lengo ni aishi vizuri kwa muda aliobakiwa nao, na hivyo walio wengi hawanyonyoki manyoya, na wengi wakitapika ni kwa siku moja au mbili tu.

Majirani nao walikuwa na ushuhuda wao. Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba sindano ya saratani ya mbwa ipo hapa hapa, kwa kuwa jike la mwanawe lilichomwa mara tano likapona na likazaa tena. Alisema kweli, ila alikuwa akizungumzia ugonjwa mwingine. Ile ni saratani ya sehemu za siri inayoambukizwa mbwa wanapopandana, na inawasumbua sana mbwa wanaozurura. Hutibiwa kwa vinkristini mara moja kwa juma, kwa majuma 4 hadi 6 hivi, na wengi hupona kabisa. (Vinkristini, kwa wasiojua, asili yake ni lile ua dogo la rangi ya waridi lenye petali tano linalopandwa mbele ya nyumba nyingi hapa mjini, ambalo kwao ni Madagaska.) Nilimshukuru mzee kwa dhati, kwa sababu alitaka kunipa tumaini, lakini jina moja la saratani limebeba magonjwa mengi, na kupona kwa mbwa mmoja hakumwagui mwingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Karboplatini huingizwa kwenye mshipa kila baada ya siku 21, mara nne hadi sita. Kuipata si muujiza, kwa kuwa ni dawa hiyo hiyo wanayopewa binadamu, na kuiingiza kwa dripu si kazi inayomshinda daktari wa mifugo aliyezoea. Mwanzoni mawazo yangu yote yalikuwa kwenye siku hiyo ya sindano: nani ataichoma, itagharimu kiasi gani, na tutaifikaje. Nilichokuwa sikijui ni kwamba siku ya hatari huja baadaye. Dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, na chembe hizo hufika chini kabisa kati ya siku ya 10 na ya 14. Hapo ndipo mbwa aliyeonekana mzima jioni anaweza kuamka na homa, amekataa chakula, na bila dripu na dawa kali za bakteria akafa kabla ya jua kuchwa. Kwa hiyo damu yake huhesabiwa siku hizo, na huhesabiwa tena kabla ya kila dozi, kisha dozi ikasogezwa au kupunguzwa kulingana na hesabu ile.

Nikajiuliza: siku ya kumi, saa nane za usiku, Bosi akianza kutetemeka, nampeleka wapi? Daktari wetu wa hapa ni mtu mwema na mwenye bidii. Ana pikipiki moja na vijiji vingi, ng'ombe wanamsubiri, na kuku wa mji mzima wanamsubiri. Nilipomuuliza hakunidanganya. Alisema, "Bwana, kuchoma nitachoma. Kumlinda baada ya hapo ndiko sitakuahidi." Jibu lile lilinisaidia kuliko mahesabu yote niliyokuwa nimesoma, kwa sababu hesabu ile ya miezi 10 imetoka kwa mbwa waliokuwa na mtu wa kuwalinda siku ya kumi. Kumpa Bosi dawa ile ile bila ulinzi ule ni kumpa hatari ya tiba na kumnyima nusu ya kinga yake.

Ilibaki njia ya kumpeleka Morogoro kila mara na kukaa huko. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutafuta gari la kukodi, kwani basi halimpakii mbwa wa kimo kile, alipokuja baba yangu mdogo kutoka Sikonge, mfuga nyuki ambaye amekaa na mbwa porini maisha yake yote. Nilimwamkia, akakaa, akamtazama Bosi kwa muda mrefu pasipo kusema neno. Kisha akauliza, "Mwanangu, huyu akipanda gari anafanyaje?" Mke wangu, Mama Neema, akanitazama, na mimi nikainamisha kichwa. Bosi akipanda gari hutokwa na ute mdomoni mpaka kifua kinalowa, hutetemeka njia nzima, na tulipokuwa tukirudi kutoka Morogoro alitapika mara tatu njiani na hakukubali kukojoa mpaka alipokanyaga uwanja wa kwao. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 600. Dozi nne ni safari nane, karibu kilomita 5,000 ndani ya kitu anachokiogopa kuliko vyote. Tulipoondoa siku za barabarani, siku za kuzinduka kutoka barabarani, na siku za kumfungia ndani kwa hofu ya maambukizi, muda ule tuliotaka kumnunulia ulikuwa umetafunwa vibaya, na ungetafunwa katika miezi ambayo ana nafuu kuliko itakayofuata.

Basi tukaamua asipewe. Ningekuwa ninaishi Morogoro, au mahali popote ambapo daktari na maabara viko umbali wa dakika ishirini, ningempa, na ningesimama mbele ya mtu yeyote kuutetea uamuzi huo.

Asubuhi ya kwanza aliporudi alisimama juu ya ngazi mbili za baraza, akashusha shingo, na nikaona misuli ya bega iliyobaki ikicheza chini ya nyuzi, kana kwamba mguu usiokuwepo unatafuta pa kukanyaga. Akasubiri. Kisha akajirusha kwa mguu mmoja, kidevu kikakaribia kugusa mchanga, akasimama, akajikung'uta, akaenda moja kwa moja kwenye mwembe wake. Huko aliinua mguu wa nyuma kama alivyozoea, akaanguka ubavu. Siku tatu baadaye alikuwa amejifunza kuchuchumaa kama jike, na tangu hapo hajaanguka tena. Tumemjengea njia ya mteremko badala ya ngazi, na juu ya sakafu ya vigae tumetandika magunia ili asiteleze. Hapewi mabaki ya ugali kwa wingi kama zamani, maana kila kilo inayoongezeka inakaa juu ya mguu ule mmoja. Anapata meloksikamu, dawa ya maumivu, kila siku pamoja na chakula, na majuma ya mwanzo alipata na gabapentini kwa ajili ya mishipa ya fahamu iliyokatwa, ambayo ilikuwa ikimshtua usingizini.

Tumekwisha kuzungumza na daktari wetu kuhusu mwisho, tukiwa bado na utulivu wa kuzungumza. Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudia mapafuni. Tumekubaliana kwamba pumzi zikimshinda, au akikataa chakula siku mbili mfululizo hata akipewa kutoka mkononi mwa Neema, daktari atakuja hapa nyumbani kumpa sindano ya usingizi wa mwisho, chini ya mwembe, bila gari. Mama Neema ndiye aliyedai kwamba iwe nyumbani, na daktari alikubali papo hapo.

Kazi ya kuhesabu pumzi ameichukua Neema mwenyewe, ana miaka 9. Mbwa aliyelala vizuri hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, na hesabu ikianza kupanda usiku baada ya usiku tunapaswa kumpigia daktari. Kila baada ya chakula cha usiku huchuchumaa kando ya gunia la Bosi na saa yangu ya mkononi, hutazama ubavu wenye kovu ukipanda na kushuka, kisha huandika kwenye daftari la hesabu la mwaka jana. Huu ni mwezi wa tano tangu mguu ukatwe. Mvua za kwanza zimenyesha, embe zimeanza kudondoka, na Bosi analala akiwa na tope kwenye miguu yote mitatu. Jana usiku Neema aliandika 22.