Injini Ikizima Baada ya Kupaa, Nenda Mbele

Nina msimamo kuhusu mafunzo ya urubani pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na najua wapo walimu ambao hawataupenda: mwanafunzi asiondoke kabla hajatamka atafanya nini injini ikizima. Si kimoyomoyo. Kwa sauti, mwalimu akimsikia.

Tangu Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo ilipogongana na Dash 8 ya abiria juu ya Mbuga ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki, tumekuwa tukijadili msongamano wa angani. Mjadala halali kabisa. Lakini iko hatari isiyohitaji ndege ya pili, nayo hukaa katika dakika ya kwanza baada ya magurudumu kuacha lami.

Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 27 hewa yake huwa nyepesi kama ya futi 8,000 hivi. Cessna 152, yenye injini ya nguvu farasi 110, hubaki na takriban robo tatu ya nguvu hizo, na bado imebeba watu wazima wawili na petroli. Aliyezoea kupaa Malindi, karibu na bahari, akija Nairobi asipunguze petroli kwenye mchanganyiko wa petroli na hewa unaoingia kwenye injini kabla ya kuondoka, anajidhoofishia injini zaidi. Ndege inapanda kama matatu iliyojaa kwenye mlima wa Limuru.

Sasa injini inyamaze mkiwa futi 300 juu. Pua imeinuka, kasi inaporomoka, na mwili mzima unamwambia mwanafunzi avute usukani, kumbe anatakiwa kuusukuma. Mbele anaona mapaa ya nyumba au miti ya mbugani. Nyuma anajua kuna lami nzuri.

Hapo ndipo watu hufia. Ukigeuka nyuzi 180 utajikuta pembeni ya njia ya kurukia, kwa hiyo lazima upitilize, kisha ujirudi kunyooka. Ukiilaza ndege nyuzi 45, kasi ya chini kabisa ambayo mabawa bado yanaweza kuibeba hupanda kwa asilimia 19. Upepo uliokuwa usoni sasa unasukuma mgongoni. Ardhi inakimbia, rubani anadhani ana kasi ya kutosha, anavuta tena. Bawa moja linaanguka, na futi 300 hazitoshi kuliinua.

Kimo cha kurudi salama kipo, ila hutegemea ndege, mzigo na upepo. Kijaribiwe juu sana na mwalimu, si kukisiwa wakati injini imekwisha kuzima. Chini ya hapo ni mbele, au kupinda kidogo tu. Ndege ikivunjika, ivunjike. Ikigusa chini polepole, mabawa yakiwa sawa, waliomo wana nafasi nzuri ya kutoka hai.

Kinachonikera ni kwamba mwanafunzi ambaye wazazi wake wameuza shamba ili alipe ada huogopa kuharibu ndege ya chuo kuliko anavyoogopa kugeuka. Na chuo kinapotoza tangu injini inapowashwa, kila sentensi kabla ya kupaa ina bei, kwa hiyo maelezo ya dharura hupitishwa mbiombio. Saa ya malipo ianze magurudumu yanapoacha ardhi. Vyuo vitapoteza shilingi kadhaa kwa kila safari, na sioni kwa nini gharama hiyo isiwe yao.