Umeme wa msuguano: Kariakoo haitawaka kwa nyayo

Kila baada ya muda huzuka mitandaoni video ya sakafu inayotoa umeme ikikanyagwa, na maoni chini yake huwa yaleyale: wekeni hii Kariakoo, habari za luku ziishe. Si wazo la kipuuzi. Mitaa ya Kongo na Msimbazi ina nyayo za kutosha kumshawishi yeyote. Na moja ya teknolojia zinazotajwa kwa kazi hiyo, nanojenereta za msuguano, yaani vifaa vinavyogeuza mguso na msuguano kuwa umeme, ni sayansi halali. Ubishi uko kwenye kazi ya kuipa.

Zhong Lin Wang na wenzake wa Georgia Tech, Marekani, waliitangaza mwaka 2012. Nyenzo mbili zisizofanana, tuseme Teflon na alumini, zikigusana, moja huipokonya nyingine elektroni. Zikiachana, chaji iliyonasa juu ya Teflon husukuma elektroni kwenye waya unaounganisha elektrodi (vipande vya metali vinavyopitisha umeme) za pande mbili. Zikikutana tena, elektroni hurudi zilikotoka. Mkondo unakwenda na kurudi bila sumaku wala koili. Hata kusugua si lazima, kugusa na kuachana kunatosha.

Watetezi wake wana hoja nzito. Jenereta ya sumaku inataka kasi. Mzunguko ukiwa wa kivivu, volti yake nayo huporomoka. Hii ya msuguano hustawi palepale ambapo sumaku huchoka: hatua ya mtu, wimbi la bahari, mtikisiko wa mara moja au mbili kwa sekunde. Volti zake hufika mamia. Malighafi ni rahisi pia. Foili ya jikoni na tepu nyeupe ya Teflon ambayo fundi bomba huzungushia viungio zinatosha kwa jaribio la darasani, na sioni kwa nini mwanafunzi wa DIT, chuo cha teknolojia cha Dar es Salaam, asilifanye wiki hii.

Lakini volti mamia si nguvu. Mkondo unaofuatana nazo kwa kawaida huhesabiwa kwa mikroampea (sehemu za milioni za ampea), na ukinzani wa ndani ni mamilioni ya omu, kwa hiyo saketi ya kuubadilisha uweze kuingia kwenye betri hula sehemu ya kilekile kidogo kilichopatikana. Tuseme kila hatua inaacha milijuli 1, yaani sehemu ya elfu ya juli, kwenye kapasita, kifaa cha kutunzia chaji. Betri ya simu ya kawaida inabeba kama wati-saa 15, yaani juli 54,000. Zinahitajika hatua milioni 54. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu milioni 5.38, kwa hiyo kila mkazi wa jiji, na vichanga mgongoni, akanyage mara 10 ili simu moja ijae. Ukitaka kuwa mkarimu, zidisha mavuno mara 100: bado ni hatua zaidi ya nusu milioni kwa simu moja, wakati kipande cha sola cha ukubwa wa kadi ya benki kinatoa karibu nusu wati jua la saa sita likiwa wazi, bila kukanyagwa na mtu.

Kisha kuna hewa yetu. Mtu wa Iringa akivua sweta usiku wa Julai husikia cheche zikilia; wa Magomeni hasikii kitu, na si kwa sababu hana sweta tu. Unyevunyevu huweka utando mwembamba wa maji juu ya nyenzo, na chaji hutoroka kupitia humo. Takwimu za kuvutia zinazosambazwa mara nyingi ni za kilele, si wastani, na hupimwa katika maabara yenye hewa iliyodhibitiwa. Jiji ambalo unyevu wa hewa asubuhi unaweza kupita asilimia 80 ni mtihani mwingine. Jibu la watafiti ni kuifungia jenereta kabisa, kama wanavyofanya na yale maboya ya duara ya kuvuna mawimbi. Ni jibu zuri. Linaongeza gharama, na baharini chumvi na chaza wana mipango yao.

Ninapowakubali watetezi ni kwenye upimaji. Hapa umeme si bidhaa, ni taarifa: kila mguso unajiandika wenyewe, kifaa cha kuhisi hakihitaji kulishwa. Nyaya za Daraja la Nyerere kule Kigamboni zinapotikiswa na upepo na malori, mtikisiko huohuo unaweza kuwa kipimo. Hali kadhalika pampu ya maji inayoanza kuyumba.

Hata hivyo neno “kinajiendesha” limebebeshwa mzigo mkubwa. Kuhisi ni bure. Kutuma ujumbe kwa redio si bure. Na hapo mpinzani si TANESCO, ni betri ya saa ya duara, ile ya volti 3 na miliampea-saa kama 220. Kifaa kinachokula wastani wa mikrowati 10 kitaishi nayo zaidi ya miaka 7 kwenye karatasi. Betri hizo zikiisha zitaishia dampo la Pugu, ni kweli, lakini Teflon nayo ni jamii ya kemikali zisizooza, kwa hiyo hoja ya mazingira haina mshindi wa wazi.

Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, ilikuwa rahisi kufikiri kwamba vihisi vya namna hii vingetoa onyo. Sidhani tuvitegemee kwa hilo. Kihisi cha msuguano huona mabadiliko. Mzigo uliotulia, au nguzo inayotitia milimita kwa wiki, chaji yake huvuja kabla haijasomwa. Kazi hiyo ni ya vipimo vya mkazo na mwinamo, ambavyo vipo tayari madukani na vinataka umeme kidogo tu.

Kwa hiyo akija mtu Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kuomba fedha za sakafu ya umeme, aulizwe wastani wa nguvu kwa saa 24, unyevu ukiwa asilimia 80, baada ya masika moja nje. Anayeomba fedha za kusikiliza daraja aulizwe swali hilohilo, ila yeye nadhani ana nafasi ya kulijibu.