Manukato ya Baba Mdogo

Nina miaka 22 ya ndoa na mke wangu hajawahi kuniuliza nanukia nini. Juzi kauliza. Natoka bafuni kifua mbele, taulo kiunoni, yeye bado kitandani. Akainua kichwa, akavuta pumzi mara mbili.

"Baba Salma, nani anapika pilau saa kumi na mbili asubuhi?"

Hakuna aliyepika. Lilikuwa shavu langu.

Chanzo ni kabati la marehemu baba mdogo. Alikuwa baharia, mtu wa suruali zenye pasi na viatu vya kung'aa, na kila akirudi likizo sisi watoto tulimjua kwa harufu kabla hajafika uani. Tulipohamisha lile kabati, nyuma kabisa nikakuta kichupa cheupe cha kioo kizito, kimechorwa merikebu yenye matanga. Old Spice, ile ya kupaka baada ya kunyoa. Kimeandikwa Shulton, Wamarekani walioitoa ya wanaume mwaka 1938. Procter & Gamble waliinunua mwaka 1990, kwa hiyo kichupa changu kinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mkuu wangu wa idara. Kizibo kilikataa kutoka. Nilikivuta kwa meno, Mungu anisamehe.

Nikamimina kiganjani, nikajipiga makofi mawili mashavuni kama alivyokuwa akifanya marehemu. Jamani! Kinyozi akikupitishia spiriti shingoni unakunja uso kidogo, unalipa, unaondoka. Hii ilinisimamisha mguu mmoja. Machozi yakanitoka, nikahesabu mpaka kumi, nikajiambia wanaume wa zamani hawakuwa wakijipamba, walikuwa wakijiadhibu.

Daladala ya Mbagala, basi, ndiyo ilinimaliza. Gari limejaa, mlangoni kuna ndoo ya dagaa wabichi, pembeni yangu bwana mmoja kapandisha mkono kushika bomba na kwapa lake liko usawa wa pua yangu. Wote hao hakuna aliyewanung'unikia. Mama wa kiti cha mbele akageuka, akanitazama mimi kwa huruma.

"Pole, baba. Limeng'olewa au wameziba?"

"Nini, mama?"

"Jino. Si unatoka kwa daktari wa meno? Nasikia dawa."

Nikamwambia meno yangu yote mazima. Hakuamini. Akaniambia nisukutue kwa maji ya chumvi. Bwana wa kwapa akasema chumvi haisaidii, jino ni kung'oa tu. Konda naye, nauli za watu mkononi, akapiga kelele kutoka mlangoni: "Mzee wangu, weka karafuu hapo kwenye shimo, utanishukuru!"

Karafuu! Na ndiyo hiyo hiyo iliyonitia matatani. Ukinusa kile kichupa unapata mdalasini, unapata kungumanga, lakini mwenye nyumba ni karafuu. Harufu yake inatokana na kitu kinaitwa yujinoli, na hicho hicho madaktari wa meno hukichanganya kwenye dawa ya kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo yule mama pua yake haikukosea. Mimi ndiye sikuwa na jino bovu.

Na hapo ndipo ninapokereka. Mmarekani akinusa karafuu shavuni mwa mwanamume anaona bahari, merikebu, safari za mbali. Sisi safari hiyo tumeizoea mno. Karafuu inaanikwa kwenye majamvi Pemba, iko kwenye chai, iko kwenye pilau la msiba na la harusi. Ukijipaka hapa hakuna anayeona merikebu. Wanaona sufuria.

Kazini kuna kijana wa stoo, mteja mkubwa wa manukato ya kupima ya Kariakoo. Huyo ukikutana naye kwenye ngazi, yeye ameshashuka zamani lakini udi wake bado unapanda. Akaninusa, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii ya kizamani."

"Hii imeanza 1938, baba yako hajazaliwa!"

"Si ndiyo nasema, mzee. Ya kizamani."

Nilikosa la kujibu. Ila niwe mkweli, maana hukumu ya haki lazima imsikilize mshtakiwa mpaka mwisho: ikifika kama saa nne asubuhi karafuu inapoa, spiriti imeshakwenda zake, kinabaki kitu laini cha vanila na poda, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ni harufu nzuri kweli, na hiyo ndiyo niliyokuwa nikiisikia begani kwa baba mdogo akinibeba. Tatizo inakuja wakati kila mtu ameshakata kesi. Tena haina sauti, mpaka uisogeze pua kwenye ngozi, na mimi sina mtu kazini wa kumwambia sogea uninuse shavu.

Jioni nikaoga, nikajipaka tena, safari hii hadi shingoni na kifuani, ili Mama Salma aisubiri ifike kwenye poda. Hatujakaa vizuri, hodi. Jirani.

"Karibu, jirani."

"Nimeshakaribia."

Akakaa. Akaulizia watoto, mvua, bei ya umeme. Akanyamaza, akanusa, akatazama mlango wa jikoni. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Mama Salma akaleta ugali na dagaa. Jirani akanawa, akala matonge mawili taratibu sana, macho bado jikoni, akaaga.

Leo asubuhi dukani nimesalimia watu wakaitikia kwa mkato. Muuza duka ndiye aliyenipasulia: mtaa mzima umeambiwa kwamba kwa Baba Salma walipika pilau, wakalificha chini ya kitanda mpaka mgeni akaondoka.