Vitabu vya mapishi vya vyama vya kina mama: mi naona tunavisoma vibaya

Watu wanaochimba historia ya vyama vya wanawake Marekani siku hizi wengi wanaanzia jikoni, kwenye vile vitabu vya mapishi ambavyo vyama vilikuwa vinachapisha ili kuchangisha hela. Hoja yao ina uzito. Kumbukumbu za vikao zilipotea, magazeti yalijaa habari za wanaume, lakini kitabu cha mapishi mama alimwachia binti, binti akamwachia wake, kikadumu. Kimoja cha mwanzo kabisa ni cha Maria Moss wa Philadelphia, 1864, hela ikaenda kwa majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baada ya hapo makanisa na vyama vikatoa maelfu.

Na vingine vilibeba siasa waziwazi. Kile cha Boston cha 1886 kilichohaririwa na Hattie Burr unafungua unakuta mikate na supu, ukienda mwishoni unakutana na kauli za watu mashuhuri wanaotaka wanawake wapige kura, yaani mume akiuliza umenunua nini, si kitabu cha mapishi tu jamani.

Wanaobisha nao wana lao. Wanasema mtu akiombwa resipi na chama hatoi ile ya ugali wa kila siku, anatoa keki ya wageni, sasa utajuaje watu walikula nini? Halafu majina: Mrs. fulani, na hilo fulani ni jina la mumewe, mama mwenyewe hata jina lake la kwanza hulioni. Kubwa zaidi ni mpishi. Kitabu cha Junior League, chama cha wanawake wanaojitolea, tawi la Charleston, cha 1950 ni maarufu mpaka leo, lakini maarifa mengi mle ni ya wapishi weusi na majina chini ya mapishi kwa sehemu kubwa ni ya mabibi wenye nyumba. Hapo mi nawapa pointi kabisa.

Ila naona pande zote mbili zimeng'ang'ania chakula wakati hiki kitu kilitengenezwa kwa ajili ya hela, na kwenye hela ndo kinasema ukweli. Angalia Milwaukee, 1901. Lizzie Kander alikuwa anafundisha mapishi mabinti wa wahamiaji wa Kiyahudi, akataka kuwachapishia resipi wasipoteze muda kukopi ubaoni, akaomba bodi ya wanaume waliosimamia kituo alichofundishia dola 18, wakamkatalia. Dola 18! Akaenda kutafuta matangazo ya biashara, kitabu kikatoka, kikaja kuuza zaidi ya nakala milioni mbili. Mle ndani kuna hadi chaza, ambao Myahudi anayeshika dini hali, kwa hiyo ukikitumia kujua meza za wahamiaji zilikuwaje utapotea, lakini yale matangazo yanakuonyesha nani mjini alikuwa tayari kuwapa hawa wanawake pesa yake.

Tatizo ambalo hata njia yangu hailitatui ni Montgomery. Wakati watu weusi wa mji huo wa Alabama walipogoma kupanda mabasi yaliyowabagua, 1955 na 1956, Georgia Gilmore na wenzake walipika na kuuza chakula, hela ikawa inalipia usafiri wa waliogoma, na kikundi chao wakakiita Club from Nowhere makusudi, maana mwanamke akijulikana anapoteza kazi kwa mzungu wake. Majina hayakuandikwa popote. Ukitegemea vitabu tu, hao hawapo.

Kwetu pia kipo cha kuangalia. Wanawake wa Guild, yaani chama cha kina mama, ya kanisa la St Andrew's Nairobi walitoa kitabu cha mapishi cha walowezi mwaka 1928, na aliyeshika sufuria kwenye nyumba hizo kwa kawaida alikuwa mpishi, mwanaume Mwafrika. Mtu akikifungua akitafuta vyakula vya Kenya ya zamani atatoka mikono mitupu. Mi ningeanza na nani alikichapisha, kiliuzwa bei gani na faida ilienda wapi.