Kaniki ya Siti

Ukitaja ushairi wa zama za ukoloni, wengi hukimbilia kwa Kipling, mshairi wa Kiingereza, na shairi lake la 1899 juu ya "mzigo wa mzungu", la kuwahimiza Wamarekani waishike Ufilipino. Humo rangi na dola vimesemwa bila haya. Kisha mtu hugeukia Unguja akasema: wetu walikuwa na mapenzi na mipasho yao tu, siasa wakaiacha.

Haya, tusikilize mpasho mmoja, aliopigwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja:

Siti binti Saadi kawa mtu lini,
Kaja mjini na kaniki chini,
Kama si sauti angekula nini?

Mwarabu hatajwi, Mwafrika hatajwi, Mwingereza ndiyo kabisa. Iliyotajwa ni kaniki, ile shuka nyeusi ya bei rahisi, na mjini kila mtu alijua nani alikuwa akiivaa: mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria 1897, chini ya Mwingereza, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake, fidia akalipwa bwana, na masuria wakaachwa nje mpaka 1909. (Mzigo wa nani huo?) Wanawake waliotoka utumwani waliitupa kaniki wakajitanda kanga, wakavaa buibui. Siti, mtoto wa watumwa wa Fumba aliyezoea kuchuuza vyungu, alihamia mjini mnamo 1911. Anayemwimbia kaniki anamvua kanga mbele za watu.

Wasiokubaliana nami watasema "kawa mtu" ni msemo tu. Hata leo kijana akiezeka nyumba yake huambiwa kawa mtu. Kweli, na wivu wa waimbaji haukuletwa na meli ya mkoloni. Lakini msemo huo ukikaa mstari mmoja juu ya kaniki, "mtu" hapo ni kinyume cha nini?

Siti akajibu:

Si hoja uzuri na sura jamali,
Kuwa mtukufu na jadi kubeli,
Hasara ya mtu kukosa akili.

Wapo wanaoliona jibu hili la kinyonge: hakudai usawa, kajenga ngazi nyingine na wasio na akili kawaweka chini. Labda. Mimi sikio langu linanasa kwenye "si hoja", na hiyo "jadi kubeli" iliyotiwa kapu moja na sura nzuri, katika mji ambao nasaba ndiyo iliyokuwa ikikupa kiti barazani. Tena neno "mtu" kalirudisha, safari hii bila kuuliza lini. Kaniki hakuikana.