Bima iliyo kwenye eskro ni ya benki kwanza

"Bima ya nyumba? Si iko ndani ya mogeji, mkopo wa nyumba." Akisema hivyo mtu anayesaini nyumba Texas wiki ijayo, presha yangu inapanda. Jamani, kilichomo ndani ya mogeji ni hela ya kulipia bima. Kila mwezi benki inakata sehemu moja ya kumi na mbili, inaiweka eskro, yaani akaunti ya kando ya kulipia bima, mwaka ukifika inalipa. Haya, nakubali, inakuepusha kusahau. Lakini hakuna aliyeketi kukusomea mkataba wa bima. Benki inataka kuona jina lake limeandikwa, kiasi kinalinda mkopo wake na tarehe haijapita. Makochi yako hayaihusu hata kidogo.

Tuanze na paa, maana huko ndiko watu wanakolia.

Kwenye ukurasa wa mbele wa mkataba kuna didaktibo mbili, yaani kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni ya bima haijalipa. Ya kawaida ni kama dola 2,000, na hiyo kila mtu anaikumbuka. Ya pili, ya upepo na mvua ya mawe, imeandikwa kwa asilimia, mara nyingi 1 au 2. Asilimia ya nini? Si ya hasara! Ni ya kiasi chote ulichokatia jengo. Jengo likiwa na bima ya dola 400,000, asilimia 2 ni dola 8,000, ziwe zimevunjika vigae kumi au paa zima.

Sasa tafuta paa linalipwaje: kwa gharama ya kuweka jipya, au kwa thamani iliyobaki baada ya uchakavu. Tuseme kuliezeka upya ni dola 18,000, vigae vya lami vina miaka 12, na kampuni inavihesabia maisha ya miaka 20. Uchakavu asilimia 60, yaani dola 10,800 zimeondoka. Zimebaki 7,200. Toa didaktibo ya 8,000. Umepata sifuri, na ada ulikuwa unalipa kila mwezi bila kukosa. Mkataba wa gharama mpya ungekupa 10,000, ingawa hela ya uchakavu hutolewa kazi ikiisha na ankara ya fundi ikiwasilishwa. Na usidhani ukishasaini umemaliza: kampuni nyingine hukubadilishia kipengele cha paa wakati wa kuhuisha, kwa barua ambayo wengi huitupa wakidhani ni matangazo.

Yule fundi anayegonga mlango siku ya pili baada ya mvua, akiahidi "kuimeza" didaktibo yako, yaani usiilipe wewe, mwache apite. Sheria ya Texas iliyoanza Septemba 2019 inapiga marufuku mchezo huo.

Mafuriko hayamo kwenye bima hii ya nyumba. Hayamo kabisa, hata kama maji yaliingia kwa sababu ya kimbunga. Houston mwaka 2017, wakati wa kimbunga Harvey, nyumba nyingi zilizofurika zilikuwa nje ya maeneo ambayo benki hulazimisha bima ya mafuriko, na wenyewe walikuwa wameridhika kwamba "benki haikuitaka". Bima ya mafuriko ya serikali inaishia dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vitu vya ndani, na vitu vya ndani unavikatia kando. Ukiinunua kwa ajili ya mkopo unaposaini, inaanza papo hapo. Ukiikumbuka baadaye, kwa kawaida unasubiri siku 30.

Dhahabu ya harusi: ikiibwa, mikataba mingi ya kawaida inaishia dola 1,500 kwa vito vyote pamoja. Iorodheshe kando, na tathmini ya sonara mkononi.

Kiasi cha jengo kifuate gharama ya kujenga upya, si bei ya kununulia, kwani kiwanja hakiungui. Ukikata chini ya asilimia 80 ya gharama hiyo, hata jiko likiungua peke yake unaweza kulipwa nusunusu.

Halafu nyinyi wa Minnesota, kwenye baridi kali, mnaokwenda nyumbani Afrika Desemba wiki sita na kuzima hita ili kubana bili! Bomba likiganda na kupasuka, kampuni itauliza kama uliacha joto, au ulifunga maji na kuyamwaga yote kwenye mabomba. Hukufanya lolote kati ya hayo? Dai limekufa. Acha hita kwenye nyuzi 55 za Fahrenheit, funga valvu kuu, fungua bomba la chini kabisa maji yaishe, ndipo uite teksi ya kwenda uwanja wa ndege.