Handibreki Ilishika, Gari Likaondoka

Kwanza niitetee handibreki. Siku ile ilishika. Nimeifungua baadaye, nimeikagua, nimeita mashahidi: ilikuwa imeshika hata gari lilipofika kwa jirani. Gia nayo ilikuwa imeingia, namba moja. Na kile kifundo cha njano cha kuunganisha tairi za mbele nilikikandamiza mwenyewe kwa kiganja. Vyote vitatu vilikuwa kazini, na gari likaondoka.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya 1974, ile fupi, inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, injini ya petroli ya lita mbili na robo. Lilikaa miaka mingi chini ya mparachichi hapa Marangu, Kilimanjaro, kuku wakilitumia kama nyumba ya wageni. Ukiliangalia juu unadhani zima, maana bodi ni aluminiamu. Waingereza walipoanza kuyaunda mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, wakaona heri aluminiamu. Msiba uko chini. Chesisi, yaani mifupa ya gari, ni chuma, ni boksi tupu ndani, tope likiingia halina pa kutokea, linaila kwa ndani kimyakimya. Hapo usiulize macho, uliza nyundo. Chukua nyundo ndogo, gonga chesisi yote kipande kwa kipande. Palipo pazima panalia "ti". Palipooza panasema "pu", na ukirudia nyundo inaingia. Langu lilisema pu kwenye kile chuma cha nyuma kabisa kinachobeba tela, na kwenye mikono miwili ya pembeni iliyoshikilia bodi. Tukakata mpaka penye chuma kizima, tukachomelea vipande vya milimita 3. Kila mahali bodi inapokutana na chuma tukapitisha raba nyembamba, kwa sababu aluminiamu na chuma vikigusana penye unyevu, aluminiamu ndiyo inayogeuka unga mweupe.

Kazi hiyo ngumu ilipita salama. Kilichonitia aibu ni sili, ile raba ya kuzuia oili.

Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa linavuja. Oili ya difu, yaani lile boksi la gia la ekseli, ile namba 90 inayonuka kama yai viza, hutembea ndani ya ekseli hadi kwenye habu, kitovu cha gurudumu. Sili ikichoka inapita, inamwagikia breki shuu, na breki shuu iliyokunywa oili haina tiba. Usijisumbue kuisugua msasa wala kuichoma moto, tupa. Kubadilisha sili si kazi ya kumtoa mtu jasho. Unafungua bolti sita katikati ya habu, unachomoa hafushafti, kile chuma kirefu kinachotoka difu kuja kuzungusha gurudumu, unanyoosha kile kibati kinachozuia nati, unafungua nati mbili kubwa, habu inatoka na beringi zake. Sili mpya unaigonga kidogokidogo kwa kuizunguka, isiingie upande. Wakati wa kurudisha, nati ya ndani usiikaze kwa hasira: habu ibaki na mchezo, yaani ulegevu kidogo, wa milimita 0.10 hadi 0.15, la sivyo beringi zitaungua. Spana zako za milimita ziache ndani, gari hili ni la inchi, na bolti ukiianza na spana inayokaribiakaribia utaimaliza kwa patasi.

Uzuri wa ekseli hii, na hapa ndipo ujuaji ulipoanza kuniponza, ni kwamba hafushafti haibebi uzito wa gari. Uzito umelala kwenye habu; hafushafti inazungusha tu. Kwa hiyo unaweza kuichomoa tairi zikiwa chini, hata jeki hujaigusa. Nikaamua nianze hivyo, jeki ije baadaye.

Breki ya mguu haikuwepo. Masta silinda, pampu yake, ilikuwa jikoni imefunguliwa kwenye sahani, raba zake zimeoza, na Mama watoto alikuwa ameshauliza mara mbili kama kile ni cha kula.

Uwanja wangu unateremka, kama kila kitu huku mlimani. Gari lilikuwa limetazama juu. Nyuma yake kuna mteremko wa hatua kama 40, halafu safu ya masale, mimea ya mpakani, halafu kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha babu jirani na migomba yake, halafu mfereji. Nina kijana anayejifunza kazi kwangu. Akaja na jiwe kubwa, amelikumbatia kama mtoto.

"Fundi, tuweke nyuma ya tairi?"

Mtu mwenye akili angesema weka. Mimi nikampa somo. Nikamwambia jiwe ni la magari madogo, yale ambayo handibreki inavuta kebo hadi kwenye tairi, kebo inalegea, gari linakwenda. Hii handibreki ina dramu yake peke yake nyuma ya giaboksi, inaikamata propela yenyewe, ule mtaimbo unaotoka giaboksi kwenda difu. Propela ikikamatwa, difu imekamatwa. Difu ikikamatwa, tairi zimekamatwa. "Umeelewa?" Akasema ameelewa. Bado amekumbatia jiwe. Nikamwambia aliweke chini, naye akaliweka chini palepale alipokuwa amesimama, hatua sita kutoka kwenye tairi.

Bolti sita zikatoka vizuri, nikazitia kwenye kopo. Nikashika hafushafti, nikavuta. Ikaja kidogo, ikagoma. Nikaizungusha, haizunguki. Nikatia bisibisi nene kwenye mwanya, nikasukuma huku, nikasukuma kule. Imegoma. Nikamwambia kijana, unaona, kutu hiyo. Haikuwa kutu. Gari lilikuwa linataka kuteremka, na ile hafushafti ndiyo iliyokuwa imelizuia, meno yake yamebanwa ndani ya difu kwa uzito wote wa gari. Ukikuta hafushafti imekaza namna hiyo na gari liko mlimani, iache hapohapo uende ukatafute jiwe. Mimi nilikwenda kutafuta nyundo.

Pigo la tatu, ikasema "ko!", ikatoka yote mkononi mwangu, inachuruzika oili. Nikainua kichwa nimwonyeshe kijana. Kijana hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama gari, nami nikaona kwamba kati yangu na gari kumeingia nafasi.

Sasa somo lenyewe, lile ambalo lingefaa litolewe mapema. Difu ni kama mzani: upande mmoja ukiachiwa, mwingine nao hauna pa kujishikiza. Hafushafti ya kushoto ilipotoka, gia ndogo ya upande huo ikabaki haina wa kuizuia. Tairi ya kulia ikizunguka huku, gia ile inazunguka kule, na propela katikati imetulia kama mgeni rasmi, imeshikwa na handibreki nzuri kuliko zote Marangu. Tairi ya kushoto haina kitu ndani, inaviringika tu kama pete. Gia namba moja nayo inazuia propela hiyohiyo, haisaidii chochote. Hata ukiinua tairi moja tu ya nyuma kwa jeki, mambo ni yaleyale. Kifundo cha njano kingeniokoa kweli, maana kinaunganisha ekseli ya mbele. Ila kwenye habu za mbele kuna vifuniko vya kugeuza kwa mkono, kufunga au kuachia, na wiki moja kabla nilikuwa nimeviachia ili tulisukume gari kwa urahisi. Siwezi kusema sikufanikiwa.

Mwanzoni lilikwenda taratibu, kwa adabu, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri. Nikalishika ukingo wa bodi. Kilo kama 1,300 hazishikwi kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa na hafushafti. Kwa nini sikuitupa, sijui hadi leo. Likaniacha. Nikalifuata mbio nimenyanyua chuma juu kama mkuki. Kijana ndipo akakumbuka jiwe lake. Akaliokota, akalirusha kwa nguvu zote, likapiga mlango wa abiria. Aluminiamu haitunzi siri. Bonde lile lipo mpaka sasa, na sitaki linyooshwe.

Masale yakalala. Kisha migomba. Mgomba ni maji matupu, lakini ukiwa mwingi ni breki: wa kwanza puu, wa pili puu, gari linapunguza mwendo kidogo kila mara, na wa saba ukalisindikiza kwa heshima mpaka kwenye mfereji. Likakalia mfereji kwa matako, pua imetazama mlimani, limetulia. Ukienda kutazama, handibreki iko juu.

Babu akatokea kati ya migomba iliyobaki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja na gari?"

"Limekuja lenyewe, babu."

"Hujaweka handibreki?"

"Nimeweka. Imeshika."

Akalizunguka polepole, akahesabu migomba kwa fimbo yake, akirudia ile miwili yenye mikungu. Kwenye chuma cha nyuma yalikuwa yamenasa masale manne, yamesimama wima kama maua ya harusi. Sasa, kwetu sale ni mpaka, na sale hilohilo ndilo unalompelekea mtu uliyemkosea ukamwombe radhi. Babu akayatazama, akanitazama.

"Gari limeshaomba msamaha. Nimelisamehe. Wewe je?"

Kabla sijajibu wakapanda watu watatu kutoka chini na majembe. Ilikuwa zamu yao ya maji na mfereji umekauka ghafla. Wakakuta bwawa, na katikati ya bwawa gari.

Kulitoa hakukuwa kugumu, kwa kuwa dawa nilikuwa nayo mkononi muda wote. Kijana akapanda kuleta kopo la bolti. Nikasimama kwenye maji ya magotini, nikarudisha hafushafti, gasketi nikaikata kwenye boksi la sabuni. Vifuniko vya habu za mbele nikavigeuza vifunge. Injini ilikuwa nzima. Nikawasha, nikavuta wenzo mwekundu nyuma kuingiza mwendo mzito, ambao huunganisha tairi nne wenyewe, na Land Rover ikapanda kutoka mferejini kama ng'ombe anayetoka josho. Wale wa majembe wakapiga makofi. Babu hakupiga.

Hasara kubwa ilikuwa imejificha. Habu isiyo na hafushafti ni tundu, na tundu lile lilikaa mferejini karibu saa nzima. Nilipofungua nati ya chini ya difu ikatoka chai ya maziwa. Oili ikichanganyika na maji usiiendeshe hata siku moja, beringi zinashika kutu. Difu hii inachukua lita 1.7. Nikamwaga, nikajaza oili ya bei nafuu, nikainua tairi zote mbili za nyuma juu ya stendi, nikazungusha dakika chache, nikamwaga: chai ya rangi. Nikarudia. Mara ya tatu ndipo nikatia oili yenyewe. Sili nikaibadilisha siku hiyohiyo, gari likiwa na mawe manane, mengine yakiwa yameletwa na watoto nisiowafahamu.

Kuhusu migomba, babu alikataa fedha. Alitaka kupelekwa sokoni gari likipona. Kila jioni akawa anapita kuuliza raba za masta silinda zimefikia wapi, na tulipomaliza kutoa hewa kwenye breki alitaka aikanyage pedali yeye mwenyewe. Aliikanyaga mara tano. Asubuhi ya safari nikamfungulia mlango, ule wenye bonde. Akaniomba nimshikie kitu kwanza apande. Nikapokea. Lilikuwa jiwe, zuri, la mraba, limeoshwa. Akakaa, akafunga mlango, akanyoosha mikono nimrudishie, akalipakata mpaka sokoni.